Marehemu wa Mhadhara wa Nne

Bariadi,
11 Machi 2024

Kwa Mkuu wa Mihadhara ya Wageni,
Chuo Kikuu, Mwanza.

Mimi ni Luhaga Mayala, nina miaka themanini na miwili. Nimeuona ukoloni ukifunga mizigo. Nimeiona Operesheni Vijiji, nimeiona vita ya Kagera, nimezika wake wawili, nimezika chama cha ushirika kilichonunua pamba yangu, nimezika redio za kila namna, za betri kubwa na za betri ndogo, na meno yangu yote ya juu. Wako na wengine niliowazika, hao sikutajii kwa sababu hatujuani. Nakuandikia ujue kwamba mtu aliyeishi kuliko vyote hivyo hawezi kufa chuoni kwako bila yeye mwenyewe kupewa taarifa.

Jumamosi nilikuwa kwa Elia, yule anayetengeneza simu karibu na stendi. Kijana mmoja wa bodaboda akaleta simu yake, ina picha za watu wanaosema. Nikamwona Constantine Mwandu kavaa suti, kasimama jukwaani kwako, nyuma yake bango: Mihadhara ya Viongozi wa Biashara na Teknolojia, Mhadhara wa Nne. Nikasema huyu namjua, bisibisi alifundishwa kuishika na mimi. Wakasema sikiliza basi mzee. Nikasikiliza. Anawaambia wanafunzi ana kampuni ya mitambo ya umeme jua, ina watu mia mbili, lakini chuo chake cha kwanza kilikuwa kibanda cha bati Bariadi na mwalimu wake alikuwa fundi redio Luhaga Mayala. Hapo nikakaa vizuri. Ndipo akasema marehemu. Akaomba watu wasimame dakika moja, ukumbi mzima ukasimama.

"Mzee," yule wa bodaboda akaniuliza, "umefufuka lini, hata pilau hatujala?"

"Nimefufuka leo asubuhi," nikamwambia, "na ninayemtafuta kwanza ni baba yako, ameacha redio yake kwangu tangu mwaka wa themanini na saba."

Wakacheka mpaka wa upande wa pili wa barabara. Elia peke yake hakucheka. Alimrudishia kijana simu, akasema, "Mzee, tuyaache haya." Mimi si mtu wa kuacha.

Sasa ninachotaka ni hiki. Constantine arudi hapohapo, kwa kipaza sauti hichohicho, mbele ya watu walewale, aseme Luhaga Mayala yuko hai. Mniondoe katika marehemu. Na usinipigie simu. Simu inasema halafu inasahau, karatasi inabaki. Barua hii anakuletea kondakta wa basi, jibu mpe huyohuyo.

Tena usidhani nilikuwa fundi wa kubahatisha. Kuanzia Maswa mpaka Nyashimo, redio iliyoshindikana ililetwa kwangu. Mapadri waliniletea, wachungaji waliniletea, na wale wasiosali popote waliniletea. Nilikuwa sifungui kwanza. Naiweka sikioni, naitikisa mara moja, nasema ni waya wa spika. Nafungua, ni waya wa spika. Hakuna profesa wako anayeweza hivyo.

Wako aliye hai,
Luhaga Mayala, Fundi


Mwanza,
20 Machi 2024

Mzee Luhaga Mayala,

Shikamoo babu. Mwadila, guku.

Mimi ni Veronica Salu, mratibu wa mihadhara ya wageni. Nimezaliwa Nassa, Msukuma mwenzako, kwa hiyo ninakuandikia nikiwa na aibu mara mbili, ya ofisi na ya nyumbani. Tunaomba radhi sana. Barua yako niliisoma nimesimama mapokezi, na kondakta alisubiri nimalize kwa sababu ulimwambia asiondoke bila kuona jinsi uso wangu ulivyobadilika.

Nimeongea na Mhandisi Constantine. Anasema mwezi wa kumi mwaka 2019 alisikia tangazo la kifo redioni, kwamba amefariki Luhaga Mayala, fundi wa Bariadi. Hakubuni, babu. Alisikia kwa masikio yake.

Tumepanga hivi. Tarehe 24 Mei ni mhadhara wa mwisho wa mfululizo huu. Mhandisi atarudi na atasahihisha mbele ya watu, nawe tunakualika uwe mgeni wetu wa mstari wa kwanza. Baada ya hapo tutaikata sehemu ile kwenye video.

Kuna jambo moja naona haya kuliandika. Mwenyekiti wa kamati yetu, Dk. Fredrick, anataka barua ya mtendaji wa mtaa ya kuthibitisha kwamba uko hai. Usinikasirikie mimi, nimetumwa.

Na kama unajua tangazo lile lilikuwa la nani, tafadhali utuambie, tusije tukakosea tena.

Mjukuu wako,
Veronica Salu


Bariadi,
2 Aprili 2024

Veronica wa Nassa,

Mhola, salama tu. Wabeja, asante kwa kuniamkia kama mtu. Sikujua watu wa Nassa mnaandika, nilijua mnavua. Kwa kuwa umeshakubali ni mjukuu, nina haki ya kukutania, na ukija Bariadi uje na sato wawili, mmoja wangu na mmoja wa kuomba msamaha.

Kwa mtendaji nilikwenda siku ileile barua yako ilipofika. Nilimkuta anakula karanga.

"Mzee, una shida gani?"

"Nataka barua ya kwamba niko hai."

"Ya kwamba nini?"

"Niko hai. Chuo kikuu wanataka."

Akafungua droo, akafunga, akafungua nyingine. "Fomu niliyonayo hapa ni ya kifo. Ya uhai sijawahi kuombwa."

"Basi igeuze upande wa pili uandike."

"Mzee, kuna utaratibu."

"Utaratibu gani? Si unaniona?"

"Kukuona nakuona, lakini kuona peke yake hakuna muhuri."

Nilikaa pale tangu saa tatu mpaka saa nane. Kila aliyeingia nilimsalimia na kumweleza kwamba nasubiri kuwa hai. Saa nane akaandika. Barua iko ndani ya bahasha hii, muhuri umekaa vizuri, mwambie Dk. Fredrick aupake mafuta aulambe.

Mambo ya Constantine hukuniuliza, lakini nitakwambia. Alikuja kwangu mwaka wa tisini na mbili, amemaliza kidato cha nne, mrefu, mikono imelegea kama ya mtu aliyebeba maji. Baba yake aliniambia, mfundishe, huyu jembe limemkataa. Mwezi wa kwanza nilimpa kazi ya kuanika betri juu ya bati. Enzi zile betri ilikuwa haitupwi, ilianikwa juani ikapata nguvu ya jioni moja. Akaniuliza kwa nini jua linaipa nguvu. Nikamwambia usiulize, geuza. Sasa naona hakuacha kuuliza, maana anauza jua lenyewe.

Siku hizo, mjukuu, kibanda changu kilikuwa kama ofisi ya wilaya. Saa ya matangazo ya vifo watu walikuwa wanaacha sokoni wanakuja. Ulikuwa huna njia nyingine ya kujua kwamba shangazi yako amefia Meatu. Redio zote nilizomaliza kutengeneza nilikuwa naziwasha kwa pamoja nizipime, sita, saba, nane, nyingine imewekwa ndani ya kapu, nyingine haina kifuniko, zote zinataja jina moja. Wanawake wamekaa na mizigo, wanaume wamevua kofia. Jina likitajwa ambalo si la kwenu unashusha pumzi, halafu unaona aibu kwa kushusha pumzi. Likitajwa la kwenu, watu wanakushika mikono kabla hujaanguka. Leo kila mtu anapata kifo chake mfukoni, amesimama peke yake.

Nitakuja tarehe 24. Siji na gari la Constantine, nakuja na basi, nguvu ninazo.

Kuhusu tangazo la mwaka ule, redio hutangaza watu wengi. Hilo liache.

Luhaga Mayala, Fundi


Dar es Salaam,
15 Aprili 2024

Fundi, shikamoo.

Nimeanza barua hii mara nne. Veronica aliniambia hutaki simu, nikacheka, kisha nikaenda kutafuta karatasi na nikagundua ofisi yangu nzima haina karatasi yenye mistari. Nimetumwa dukani kununua bahasha na katibu wangu, kama ulivyokuwa unanituma solda ya kuunganishia waya.

Nisamehe. Nikueleze ilivyokuwa. Nilikuwa naendesha kutoka Shinyanga, karibu na Tinde, tangazo likasema Luhaga Mayala, fundi wa Bariadi. Nilisimamisha gari. Injini niliizima, redio sikuizima, maana kwako tangazo la mtu halikuzimwa katikati hata kama betri ilikuwa ya mteja. Nilikaa pale mpaka likaisha na likafuata la mtu mwingine na la mwingine. Kesho yake nilikuwa na safari ya nje ya nchi ya mkataba wangu wa kwanza mkubwa. Nikaenda. Sikuja kukuzika, Fundi. Miaka mitano hii sijapita Bariadi kwa sababu hiyo tu, nilikuwa naona haya kukanyaga pale. Waliponialika chuoni nikasema basi, nitamzikia hapa, na ndiyo maana niliwasimamisha wanafunzi wale dakika moja. Kwangu yalikuwa ndiyo mazishi.

Kumbe uko hai na unagombana na mtendaji. Nilipoambiwa nilifurahi sana.

Lakini tarehe 24 nitasimama mbele ya watu mia tano kusema nilikosea, na ninataka kusema sawasawa. Kama ulinifundisha kitu ni kimoja, kwamba hujatengeneza mpaka umejua kilichoharibika. Nimempigia mara mbili Elia, yule fundi simu uliyemtaja katika barua yako ya chuoni. Anasema, muulize mwenyewe. Fundi, tangazo lile lilikuwa la nani?

Mwanafunzi wako,
Constantine


Bariadi,
29 Aprili 2024

Constantine,

Umeshakuwa mkubwa, unanikamata kwa maneno yangu.

Hukukosea kusikia. Mwanangu wa kwanza nilimpa jina la baba yangu, Mayala. Yeye alipopata mtoto akampa jina langu. Ndivyo tunavyofanya, wewe unajua, babu anainama mjukuu anainuka na jina ni lilelile. Kwa hiyo kulikuwa na Luhaga Mayala wawili. Wewe ulipoondoka kwangu huyu mwingine alikuwa hajazaliwa. Mayala alipokwenda Geita kutafuta dhahabu, mtoto alibaki kwangu, akakulia chini ya meza yangu palepale ulipokuwa unafichia miwa.

Alikuwa ananizidi. Hili sijapata kumwambia mtu. Mimi redio naitikisa, yeye alikuwa haitikisi, anaiangalia tu kama mtu anayesoma. Simu zilipokuja nikazikataa, nikasema ni vitu vya kuchezea. Yeye akazifungua. Watu wakaanza kumwita fundi, nami nikawa napaza sauti kutoka ndani, "Fundi hapa ni mmoja, huyo anajifunza." Mpaka ana miaka ishirini na miwili nasema anajifunza. Alikuwa anacheka tu. "Sawa babu," anasema, "najifunza."

Mwaka huo wa 2019 alipata nafasi katika chuo hichohicho cha Veronica, masomo ya elektroniki. Ilibaki wiki tatu aende. Nilikuwa na redio ya jirani yangu Mayige, imekufa transista, kile kipuri kidogo cha miguu mitatu, cha kizamani. Nikamwambia nitafutie Mwanza. Akasema, "Nimeshaagiza, babu, inakuja na basi Jumatatu." Nikasema naitaka leo. Unanijua nikisema leo. Alichukua pikipiki ya Elia. Transista aliipata. Wakati wa kurudi, kabla ya kufika Lamadi, lori likamkuta.

Waliniletea vitu vyake kwenye mfuko. Transista ilikuwa mfukoni mwa shati, ameifunga kwa karatasi ya sigara, haikuharibika hata mguu mmoja.

Mayala alikuwa njiani kutoka Geita, kwa hiyo fomu ya tangazo niliijaza mimi. Unaujua mwandiko wangu. Jina, nikaandika. Kazi, nikaandika fundi. Karani wa matangazo akasoma, akasema, "Mzee, andika na marehemu ni nani wako, watu wajue ni mjukuu, majina yamefanana." Nikamwambia imetosha. Akasema watu watachanganyikiwa. Nikasema wachanganyikiwe. Nilitaka iseme hivyo tu, Luhaga Mayala, fundi wa Bariadi, isikike kila nyumba, pasiwe na neno la mjukuu wa nani wala anayejifunza kwa nani. Jioni Elia akawasha. Redio ikamwita fundi, na mimi kwa mara ya kwanza sikumkatalia.

Kwa hiyo waliokuja kunililia mimi wakanikuta nimekaa mlangoni walikuwa wengi, na wewe ulikuwa mmoja wao, ila wewe hukufika. Kosa ni langu, si lako.

Haya usiyaseme chuoni. Sitaki wale wasomi wanihurumie. Sema Luhaga Mayala unayemfahamu yuko hai, basi. Nitakuja na kofia yangu ya kijivu, utaniona.

Fundi


Mwanza,
30 Mei 2024

Shikamoo babu,

Nimeulizia kwa kondakta kama ulifika salama, akasema ulimgombeza dereva njia nzima, nikajua umefika.

Babu, sijui tulikukosea wapi, naomba uniambie. Nilikuona ulivyoingia ukumbini na kofia yako, ukapeana mikono na Dk. Fredrick ukamuuliza kama sasa anaamini, watu wakacheka, ulikuwa na furaha. Ulipoonyeshwa kiti ulisema hata waziri hajakaa vizuri hivi. Nikajua mambo yamekwenda sawa.

Kisha tukaonyesha kwenye ukuta ile sehemu ya mhadhara wa nne, ili waliokuwa hawapo waelewe kinachosahihishwa. Mhandisi Constantine akasimama akasema, "Fundi wangu niliyewaambia amefariki, nilikosea. Yuko hai, na yuko hapa mstari wa mbele. Fundi Luhaga Mayala, simama wakuone." Ukumbi ukapiga makofi. Na wewe hukusimama.

Nilikuwa kando yako. Nikakunong'oneza, "Babu, ni wewe." Ukanijibu, "Niache." Ukashusha kofia mpaka kwenye nyusi. Makofi yakapungua moja moja. Watu wakageuka huku na huku wakimtafuta mzee. Mhandisi alikutazama, kisha akasema, "Basi," akaendelea na mada yake ya betri kama hakuna kilichotokea. Mwisho tulikutafuta kwa chakula, tukaambiwa umeshapanda bajaji kwenda stendi.

Sasa wanafunzi wanaulizana kama mzee yupo au hayupo. Dk. Fredrick anasema nikuulize kama ni suala la kiti, au itifaki, au tulipaswa kukupa nafasi ya kuongea. Mhandisi nimemuuliza, anasema hana ruhusa.

Video iko mezani kwangu. Ijumaa ya tarehe saba fundi wa picha anakata maneno yale pamoja na ile dakika moja, kama ulivyodai mwenyewe tangu barua ya kwanza. Nimeona nisimwache akate kabla sijasikia kutoka kwako.

Mjukuu wako,
Veronica


Bariadi,
3 Juni 2024

Mjukuu wangu Veronica,

Kiti kilikuwa kizuri. Itifaki siijui, kwa hiyo hamkuikosea. Na kuongea ningeongea mpaka mngenizimia taa.

Kwenye simu ya yule kijana wa bodaboda, watu wenu walikuwa wadogo kama punje za mtama. Niliona tu wamesimama, sikuona ni kina nani. Kwenye ukuta wako niliwaona. Sura moja moja. Kuna mmoja amening'iniza waya za masikioni shingoni. Kuna binti amefumba macho kweli, si kwa kuigiza. Kuna mwingine mkono wake umeelemewa na madaftari na hakuyaweka chini mpaka dakika ikaisha. Wote wana miaka ishirini, ishirini na mbili, ishirini na tatu.

Aliyefariki ni mjukuu wangu, jina langu na jina lake ni moja. Mengine Constantine atakueleza, leo nampa ruhusa, mwambie hivyo. Mimi nitakwambia kidogo tu. Tulimzika siku ya mvua, watu wazima tupu, wakulima wenzangu na wachunga ng'ombe. Wa rika lake walikuwa Elia na vijana wanne wa bodaboda, wengine wamekwenda migodini, wengine shuleni. Nikawa najiuliza miaka yote hii, huyu alisindikizwa na nani wa kwake.

Sasa nimewaona. Mia tano, katika ukumbi ambamo angekaa yeye, wamesimama kwa ajili ya Luhaga Mayala, fundi. Hakuna aliyecheka. Constantine aliposema simama, magoti yalikuwa tayari, mimi kusifiwa napenda, hilo kila mtu Bariadi anajua. Lakini nikaona nikiinuka tu, wale wote watakuwa walisimama kwa kukosea. Watacheka, kama watu walivyocheka pale kwa Elia, na watakuwa na haki ya kucheka. Nikakaa.

Kwa hiyo msikate. Fundi wa picha mwambie asiguse maneno wala dakika, na asiandike maelezo yoyote chini yake. Kama nilidai, nimeacha kudai, andika tarehe ya leo kwamba Luhaga Mayala ameacha kudai kitu kwa mara ya kwanza. Dk. Fredrick akiulizwa mzee yupo au hayupo, aseme hajui. Mimi sitadhurika. Hapa mtaani kila asubuhi wananisikia ninavyokohoa.

Na ikiwa siku moja mtu atasema nimeyatunga haya ili nionekane mwema, waulize hawa. Elia, ambaye pikipiki yake haijarudi na hajapata kunilaumu. Constantine, aliyenitazama nikiwa nimekaa akaelewa. Na zaidi ya wote dada yangu Milembe, ana miaka themanini na tisa, yuko hapa nyumba ya pili kutoka kwangu, ila msimuulize kabla hajanywa uji. Alinibeba mgongoni nilipokuwa mchanga, na miaka hamsini na mitano baadaye akambeba na mjukuu wangu. Milembe hajawahi kutuchanganya.

Luhaga Mayala